Walipoichekea Hati ya Kiguunda

Jukwaani, Kiguunda, kibarua maskini wa mchezo wa Nitaolewa Nikipenda, alikwenda ukutani, akaishusha fremu yenye hati, akaipangusa vumbi kwa kiganja, kisha akasoma kwa sauti ukubwa wa shamba lake: ekari moja na nusu. Hapo ndipo ukumbi ulipocheka.

Hakikuwa kicheko cha kutikisa paa. Kilianzia safu ya nne tulipokuwa tumeketi sisi, kikaenea kushoto na kulia, kikapanda hadi viti vya nyuma, na mwigizaji, ambaye nadhani alikuwa amekwisha kukizoea kutoka siku zilizotangulia, alisubiri kitulie ndipo akaendelea. Niligeuka kuwatazama wenzangu wa chama chetu cha akiba. Tulikuwa wanawake tisa. Mwezi huo tuliamua kuacha chakula chetu cha pamoja na fedha zake tukanunulia tiketi. Sita walikuwa wakicheka. Mmoja wao, ambaye ni afisa wa mikopo katika benki, alikuwa ameinama mbele amejishika mbavu.

Mimi sikucheka.

Ilikuwa Mei mwaka 2022, katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi, miaka 45 tangu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ulipopigwa marufuku. Kundi la Nairobi Performing Arts Studio, chini ya mwelekezi Stuart Nash, liliucheza kwa lugha mbili, siku nyingine kwa Kiingereza na siku nyingine kwa Kigĩkũyũ. Sisi tulikwenda siku ya Kiingereza. Mimi niliujua mchezo huu kwanza kwa Kiswahili, katika kitabu cha Nitaolewa Nikipenda kilichotoka mwaka 1982, ambacho nilikikuta shuleni kikiwa kimepoteza jalada, na ambacho nilikisoma mara tatu bila kumrudishia mwalimu. Kwa hiyo niliingia ukumbini nikiwa na Kiguunda wangu tayari. Kiguunda wangu hakuwa mtu wa kuchekwa.

Makala niliyotaka kuandika

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikaketi kuandika. Nilikuwa na hoja zote mkononi. Watu walinyang'anywa kibali kwa ajili ya mchezo huu. Mwandishi mmoja, Ngũgĩ wa Thiong'o, alichukuliwa nyumbani kwake usiku mmoja mwishoni mwa Desemba 1977, akatiwa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Kiwanja ulipochezwa kilibomolewa na polisi Machi 1982. Na sisi, warithi wa mateso hayo, tunakaa kwenye viti laini na kucheka mtu maskini anaposoma hati ya shamba lake dogo.

Niliandika kurasa mbili kwa mtindo huo. Zilikuja kwa urahisi mno, na jambo hilo lenyewe lilinitia shaka.

Nilipojaribu kuandika ukurasa wa tatu nilikwama kwenye swali ambalo nilikuwa nimelikwepa: ni nini hasa kilichochekwa? Mlevi aimbapo kwamba ataoa akipenda, maadamu mapadri wangali hai, kila mtu hucheka, na waandishi walitaka acheke. Lakini katika tukio la hati hakuna mzaha. Mwigizaji hakujikwaa, hakutoa macho, hakuvuta neno. Aliisoma hati kama mtu asomavyo jina la mwanawe kwenye cheti cha kuzaliwa.

Nilijaribu jibu la kwanza, nalo si la kubeza. Masikio yetu yamezoeshwa vibaya. Kwa miaka mingi televisheni zetu zimetuonyesha mtu wa kijijini kama kichekesho: koti lililopauka, lafudhi nzito, mshangao mbele ya kila kitu cha mjini. Anapotokea jukwaani mwanamume mwenye koti kama lile, akizungumza Kiingereza ambacho kimebeba mwendo wa Kigĩkũyũ ndani yake, kicheko huwahi kufika kabla ya maana. Ninaamini kwamba hilo lilikuwapo usiku ule. Lakini afisa wetu wa mikopo si mtu wa kucheka lafudhi. Amezaliwa Murang'a, na lafudhi ile ni ya baba yake.

Kwa hiyo jibu hilo halikutosha, nikaziacha zile kurasa mbili.

Viti elfu mbili vya Kamĩrĩĩthũ

Katika hasira yangu nilikuwa nimewalinganisha watazamaji wa 2022 na wale wa 1977, na bila kujijua nilikuwa nimewafanya wale wa 1977 kuwa watu wanyamavu, wenye nyuso za msibani. Ni nani aliyeniambia kwamba walikuwa hivyo? Hakuna. Nilijitungia mwenyewe.

Kila tunachokijua juu ya Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru mchezo huu ulikozaliwa, kinasema kinyume. Muswada wa kwanza ulikuwa tayari Aprili 1977, nao haukufichwa. Ulisomwa mbele ya watu wa kijiji, ukajadiliwa, ukakatwa na kuongezwa. Mazoezi yalianza Juni, hadharani, na kila apitaye aliweza kusimama na kutazama. Wazee waliwakemea waandishi waliotoka chuo kikuu kwa kumtia mzee wa kwenye mchezo maneno ambayo mzee hawezi kuyasema. Waliokuwa wakifanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Bata walijua kwa shilingi na senti mfanyakazi analipwa nini, na hawakukubali hesabu ya mchezo iwe ya kubuni. Jukwaa na viti vya watu wapatao elfu mbili vilijengwa na wanakijiji wenyewe, bila paa, na waliochora ramani yake waliianza kwa njiti za kiberiti.

Siku ya ufunguzi, tarehe 2 Oktoba, watu walikodi mabasi na teksi kuja Limuru. Wengine walikuwa wameyajua maneno ya mchezo karibu sawa na waigizaji. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia Jumapili moja ambayo mvua ilinyesha, watu wakakimbilia chini ya miti na vibaraza. Ilipoacha, waigizaji waliporudi jukwaani, viti vilijaa tena kama mwanzo. Ilitokea hivyo mara tatu katika alasiri moja, na watu hawakuondoka.

Hao si watazamaji wanyamavu. Hao ni watu ambao mchezo ulipokosea, walikuwa na haki ya kuusimamisha na kuurekebisha. Nililiandika hilo kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika juu ya meza, bila kujua bado kwamba lilikuwa jibu la swali langu.

Jumapili ambayo haikufika

Mama mkwe wangu ni mtu wa Ndeiya, upande mkavu wa Limuru, ambako mtu huangalia mawingu yakielekea kunyeshea mashamba ya chai ya wengine. Mwaka 1977 alikuwa msichana wa miaka 20. Kaka yake mkubwa alikuwa ameuona mchezo mara mbili na alirudi akiimba nyimbo zake huku akikama ng'ombe. Alimwahidi dada yake kumpeleka Jumapili ya tarehe 20 Novemba, baada ya kuvuna maharagwe. Kibali kiliondolewa Jumatano, tarehe 16.

Nilipomweleza kwamba mchezo umerudi, na kwamba kuna siku za Kigĩkũyũ, alinyamaza kwenye simu kwa muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Mama Zawadi," akasema, "nitavaa nini?"

Alivaa kitambaa cha kanisani na viatu vyake vya harusi za watu. Tuliketi safu ya saba. Kigĩkũyũ changu ni cha jikoni na sokoni. Nikiwa Mgiriama niliyeolewa Limuru nimejifunza cha kutosha kusalimia, kununua, kupokea lawama na kuagana. Kwa hiyo usiku ule niliufuata mchezo kwa njia tatu: kwa maneno machache niliyoyadaka, kwa kitabu cha Kiswahili kilichokuwa kichwani mwangu, na kwa pumzi za mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa tukio la hati. Nilitaka kusikia ukumbi wa pili utafanya nini. Kiguunda akaenda ukutani, akaishusha fremu, akasoma. Hakuna aliyecheka. Ulisikika mguno tu, wa chini, uliotoka vifuani mwa watu wengi kwa pamoja, kama watu wanapotajiwa jina la marehemu wanayemjua.

Nilifurahi. Nilijisemea: haya, hawa ndio walioelewa.

Furaha hiyo ilidumu kama dakika kumi. Kioi, tajiri anayemwajiri Kiguunda, na mkewe Jezebel walipoingia kwa Kiguunda, na Jezebel akakitazama kiti kwanza kabla ya kukikalia, ukumbi mzima uliangua kicheko ambacho siku ya Kiingereza hakikuwapo kabisa. Mama mkwe wangu alicheka hadi akatoa leso. Siku ya Kiingereza tulilitazama tukio lile lile kimya, labda kwa sababu wengi wetu tulikuwa upande wa Jezebel bila kujua. Sisi nasi, tukienda kijijini, hukitazama kiti kwanza.

Kumbe tofauti ya nyusiku mbili haikuwa kwamba mmoja ulicheka na mwingine haukucheka.

Zilipofika nyimbo za arusi ya kienyeji, sauti zilianza kuitikia kutoka vitini, za wanawake watu wazima hasa, na Mama akaitikia pia. Kisha Kioi alipofika kwenye suala la mkopo wa arusi ya kanisani, na hati ile kuwa dhamana yake, Mama alisema kwa sauti, neno ambalo hata Kigĩkũyũ changu kililimudu: usimpe. Kijana mmoja katika safu ya mbele yetu aligeuka, akaweka kidole mdomoni. Hakuwa na ubaya. Aliomba kimya kama mtu aliyefundishwa kwamba ukumbini watu hunyamaza. Mama alinyamaza. Hakusema neno jingine hadi taa zilipowashwa.

Njiani, tukipanda Waiyaki Way kurudi Limuru, nilimwuliza ameuonaje.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini mtu aliyetoka kulima haketi vile. Yule kijana alijitupa kwenye kiti kama ametoka ofisini. Mtu wa jembe hushuka polepole, mkono kwenye goti, kwa sababu mgongo haumruhusu."

Kisha, baada ya kimya: "Na hapakuwa na mahali pa kumwambia."

Kwa kalenda ya mwaka ule, kutoka tarehe 2 Oktoba hadi 16 Novemba ni siku 45. Mama alizihesabu siku hizo kwenye gari, kwa vidole. Aliukosa kwa siku nne, akaungoja miaka 45, na alipoupata akaambiwa anyamaze.

Karatasi ambayo baba hakuwahi kuiona

Hapa sina budi kusema jambo ambalo ndilo lililonichelewesha kuandika.

Mimi ni wa Kilifi. Nyumbani kwetu kuna minazi iliyopandwa na babu na mikorosho iliyopandwa na baba, na kila mtu kijijini anajua mnazi upi ni wa nani. Ardhi iliyo chini ya minazi hiyo, kwa karatasi, ni ya watu ambao hatujawahi kuwaona. Pwani yetu imeishi hivyo tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowapa hati waliojua kwenda kudai na ikawaacha wengine wakiitwa maskwota juu ya makaburi ya wazee wao. Baba alikuwa na bahasha ya nailoni yenye barua za chifu, stakabadhi, na karatasi ya mkutano mmoja wa kamati ambao haukuzaa kitu. Ukutani kwetu palikuwa na kalenda. Hati ya shamba mimi niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 27, na ilikuwa ya mtu mwingine.

Kwa hiyo Kiguunda aliposhusha fremu yake, nilichohisi hakikuwa huruma. Ulikuwa wivu.

Nilimwonea wivu mtu maskini wa kwenye mchezo kwa ekari yake moja na nusu iliyoandikwa jina lake. Waliocheka karibu yangu walikuwa wamekulia kwenye nyumba zenye karatasi ile, kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda cha baba, na kwao ilikuwa kitu cha kawaida kiasi cha kuweza kuchekwa. Nilichokiita heshima kwa mchezo, na hasira kwa niaba ya waliofungwa, kilikuwa kwa sehemu kubwa uchungu wangu binafsi uliokuwa umevaa nguo ya heshima. Nilipolikubali hilo, zile kurasa mbili za mwanzo zilianza kunitia haya, nikazichana.

Hilo halina maana kwamba uchungu wangu haukuwa na haki ya kuingia ukumbini. Kila mtu aliingia na shamba lake. Ila uchungu huo haukunipa mamlaka ya kuamua wenzangu walicheka kwa nini, nami nilikuwa nimekwisha kuamua, kwa wiki tatu nzima, bila hata kumwuliza mmoja.

Aliyecheka kuliko wote

Nikampigia simu yule mwenzetu wa benki. Nilimwuliza moja kwa moja: ile hati, ulicheka nini?

Hakuchukizwa. Alifikiri kidogo.

"Katibu," akasema, kwa sababu ndivyo waniitavyo chamani, "ilinichekesha kwa sababu ilikuwa ukutani. Mimi nashika hati za watu mwaka wa kumi na moja huu. Zote ninazozijua ziko kwetu, kwenye kabati la chuma."

Kisha akaendelea bila mimi kuuliza. Alisema kwamba Kioi wa mchezoni alimchosha kwa kazi nyingi: kuja na mkewe, kuketi, kuhubiri juu ya ndoa ya kanisani, kushawishi, yote hayo kwa ajili ya ekari moja na nusu. Siku hizi hakuna anayemfuata mtu nyumbani. Mtu huchukua mkopo akiwa amelala, saa nane za usiku, kwa simu, na asubuhi hakumbuki kama aliwaza. Tangu M-Shwari, huduma ya kukopa kwa simu, ilipoanza mwaka 2012, kizazi kizima kimejifunza kukopa bila kuonana macho na anayekikopesha. Hata hati yenyewe inaondoka kwenye karatasi. Aprili 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, na kazi za masjala ya ardhi ya Nairobi zikaanza kuhamia kwenye kompyuta.

"Nilikuwa namwambia mwigizaji kwamba siku hizi haiko hivyo," akasema. "Ni rahisi zaidi ya hivyo. Ndiyo maana nilicheka."

Nilikiangalia kile kipande cha karatasi nilichokibandika juu ya meza: haki ya kuusimamisha na kuurekebisha.

Mwaka 1977 mfanyakazi aliyesikia mshahara umetajwa vibaya alinyosha mkono na mshahara ukarekebishwa. Mwaka 2022 afisa wa mikopo aliyesikia mkopo umesimuliwa kwa njia ya zamani hakuwa na mkono wa kunyosha. Mchezo umekwisha kuandikwa, umechapwa, unasomwa vyuoni, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alitajwa mara nyingi kwa tuzo kubwa za dunia. Ni nani atakayeugusa? Amekaa gizani, amelipia kiti, anaelekea upande mmoja na wenzake wote. Alichobakiwa nacho ni kicheko. Mama mkwe wangu alibakiwa na neno moja, usimpe, nalo likazimwa. Mwenzetu wa benki alikuwa na bahati, kwa maana kicheko ndiyo sauti pekee ambayo hakuna anayemgeukia mtu na kumwekea kidole.

Sidai kwamba kila aliyecheka safu ya nne alikuwa akirekebisha kitu. Wengine walicheka kwa kuwa jirani alicheka. Kicheko huambukiza kama mwayo. Lakini siwezi tena kukiita uziwi. Mwenzetu wa benki alikisikia kile kisa kwa undani kuliko mimi niliyekaa kimya, kwa sababu mimi nilikuwa nikimsikiliza baba yangu.

Ninao ugomvi mmoja uliobaki na namna tunavyozirudisha kazi hizi, nao si na waigizaji, ambao walijitoa kwa moyo, wala si na mwelekezi, aliyeuheshimu mchezo kwa kuupa lugha zote mbili. Ugomvi wangu ni na heshima yenyewe. Tunaurudisha mchezo kama tunavyoitoa sahani ya marehemu bibi kabatini, kwa mikono miwili, tukiogopa usivunjike. Mchezo huu haukuzaliwa kwa kuogopwa. Oktoba 1976, mbele ya ukumbi huo huo, watazamaji wa mchezo mwingine wa Ngũgĩ wa Thiong'o, ule wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, waliwafuata waigizaji nje wakiimba, kwenye barabara ya Harry Thuku, ng'ambo kukiwa na hoteli ya Norfolk. Sisi tulipotoka mwaka 2022 tulisimama kwenye ngazi kusubiri teksi za simu, kila mmoja ameinamia mwanga wake. Yawezekana kabisa kwamba tulikuwa na mengi ya kusema. Hatukuwa na mahali pa kuyasemea.

Ajenda ya nne

Chama chetu hukutana Jumamosi ya pili ya mwezi. Mkutano wa Juni ulikuwa nyumbani kwa mwenzetu mkubwa kuliko sote, mjane, ambaye ana nusu ekari huko Kamulu. Kwa mwaka mzima tumekuwa tukizungumza juu ya kujenga vyumba vya kupangisha. Akiba yetu haifiki nusu ya gharama.

Ajenda ya nne ilipofika, mjane aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Aliitoa hati yake akaiweka mezani, kati ya chupa ya chai na sahani ya mandazi, akaigeuza ili tuweze kuisoma.

"Tukopee hii," akasema.

Hakuna aliyecheka. Kwa kitambo hakuna aliyeigusa hata kwa macho. Nilijua, kama mtu ajuavyo kwamba mvua iko karibu, kwamba wanawake tisa tulikuwa tukimtazama mwanamume mmoja akipangusa fremu kwa kiganja.

Wa kwanza kunyosha mkono alikuwa mwenzetu wa benki. Kwa ncha ya kidole aliisukuma hati ikarudi upande wa mwenyewe. Akaanza kuuliza, kwa sauti ambayo nadhani ndiyo aitumiayo kazini lakini kwa maswali ambayo nadhani hayaulizi kazini. Wapangaji wakihama miezi mitatu mfululizo, nani atalipa? Mmoja wetu akijitoa chamani, deni lake litahamia kwa nani? Jina la nani litaandikwa kwenye tangazo la mnada?

Mjane alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Naona mnanitazama kama yule mzee wa kwenye mchezo. Mimi si Kiguunda. Yeye alidanganywa kwa ajili ya arusi. Mimi nimepiga hesabu, ardhi ni yangu, na nimeamua. Mnataka ikae kwenye bahasha hadi nife, wanangu wagombane?"

Kukawa na zogo. Mmoja alisema mchezo ulikuwa sahihi, kwamba ukishatoa karatasi umetoa shamba. Mwingine akasema mchezo uliandikwa na wanaume, na kwamba mwanamke mwenye hati kwa jina lake mwenyewe ni kisa kingine kabisa, ambacho hakijaandikwa. Mwenzetu wa benki alisema anaheshimu uamuzi wa mwenye mali lakini hatatia sahihi. Mjane akamwambia kwamba siku ile ukumbini alicheka, basi asijifanye mwoga leo. Akamjibu kwamba ndicho kile kile alichokuwa akikichekea.

Tulikaa hadi saa mbili za usiku. Chai ilipoa, ikapashwa, ikapoa tena. Watu walikatizana, wakaombana radhi, wakarudia jambo moja mara nne kwa maneno tofauti, na mimi nilikuwa nikiandika. Hatukupitisha kitu. Hati ilirudi chumbani ndani ya bahasha yake.

Tangu siku hiyo najaribu kuandika kumbukumbu za ajenda ya nne. Nimeandika kwamba pendekezo lilitolewa, nimefuta. Nimeandika kwamba wanachama walitofautiana, nimefuta, kwa maana maneno hayo yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwapo. Jana nilianza upya, nikaandika kila mmoja alichosema, hata kuhusu mchezo, hata kuhusu kicheko, na nikaeleza jinsi hati ilivyosukumwa kwa ncha ya kidole. Zimefika kurasa sita.

Mkutano ujao ni Jumamosi hii. Kwa desturi ya chama, kabla ya jambo jingine lolote katibu husimama na kusoma kumbukumbu zote kwa sauti, taratibu, na yeyote aliyenukuliwa vibaya hunyosha mkono, nami husimama hapo hapo nirekebishe.